Tufani ya 1872 na Njia za Habari

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliivamia Unguja na Mrima wa Bagamoyo. Mikarafuu ya Unguja iling'olewa, vyombo vya Sayyid Barghash vilivyotia nanga vikavunjika, na ng'ambo ya pili misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868, ikapata hasara kubwa. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu.

Si kwamba watu wa pwani hawakuwa na elimu ya hewa. Kwa karne nyingi wanamaji waliihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, na kwa hesabu hiyo wakajua kaskazi inapokoma, kusi inapoanza, na wakati wa kufunga safari. Elimu hiyo ilipita kwa mdomo, nahodha kwa baharia, mzee kwa kijana, barazani na chomboni. Lakini tufani ya namna ile ni nadra karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupindi upepo vya kutosha kuufanya kimbunga. Hesabu ya miongo haikuweza kuitaja siku yake. Wala hapakuwa na chombo cha kuitanguliza habari: waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baada ya msiba.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, hali ilikuwa nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na habari ikaenea redioni na katika simu za mkononi. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia, kisha kikafifia.

Leo wako wataalamu wanaozichunguza jumbe za mitandao ya kijamii ili wajue elimu ya mabadiliko ya tabianchi inavyosafiri. Kazi yao yafanana na ya mvuvi anayekagua wavu wake. Kila mtu ni fundo, kila ujumbe ni uzi. Nao huangalia nani amemjibu nani, neno la nani limerudiwa, na fundo lipi likikatika wavu hupasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa namna hiyo, wakaonyesha kuwa wengi waliozungumzia tabianchi katika Twitter walisikilizana na wenye mawazo kama yao.

Hapo ndipo linapozuka swali la mwanahistoria. Habari za 1872 zajulikana zaidi kwa barua za mabalozi na mapadri, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na kalamu. Wavuvi wa Bagamoyo, wapagazi waliotua mizigo ya pembe, na watumwa wa mashamba ya Unguja hawakuachiwa nafasi kubwa ya kusema yaliyowapata. Jumbe za mitandao zina kasoro ile ile: humhesabu mwenye simu na bando, humwacha bibi anayechokoa pweza Kaole maji yakitoka. Mazungumzo ya WhatsApp nayo yamefungwa kwa ufunguo, mtafiti haingii. Na ghala lenyewe si mali ya umma: mwaka 2023 X, iliyokuwa Twitter, iliufunga mlango wa bure waliokuwa wakiutumia watafiti.

Bahari, kwa upande wake, haingoji kuandikwa. Huko Bagamoyo, maji ya kisima cha skuli ya Kingani yalipogeuka chumvi, wanafunzi waliyaonja mabadiliko hayo kwa ulimi kabla hayajawafikia kwa kitabu. Dawa iliyopatikana ni ya kale: kuteka mvua kutoka mapaani na kuihifadhi matangini.

Basi anayetaka kuiandika historia ya elimu hii ana kazi mbili: kuzihesabu jumbe, na kukaa pwani saa ya vyombo kurudi. Ya kwanza itamwonyesha habari ilipopita. Ya pili itamwonyesha ni nani aliyeiamini, na ni nani aliyeivuta ngalawa yake juu ya mchanga kabla upepo haujafika.