Habari za dola huanzia kwa mtendaji wa kijiji, na ajira ya kijana wa mpakani pia

KATA ya Nyakahura, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, ipo kando ya barabara kuu itokayo Lusahunga kuelekea Ngara, na kutoka huko hadi Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda na Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Malori ya mizigo ya nchi hizo mbili hupita hapo usiku na mchana. Kijana aliyemaliza kidato cha nne katika kata ya namna hiyo huona sare nyingi barabarani: za polisi, za uhamiaji, za jeshi na za askari wa wanyamapori. Mara nyingi hutamani kuvaa mojawapo. Jambo ambalo shuleni hakuelezwa ni kwamba baadhi ya ofisi anazotaka kuzitumikia ndizo zitakazoamua kwanza kama yeye mwenyewe ni raia.

Mjini, neno usalama likitajwa, fikra za wengi huenda moja kwa moja kwa Idara ya Usalama wa Taifa. Chimbuko la Idara hiyo ni kitengo maalumu cha polisi wa kikoloni kilichojulikana kama Special Branch, na baada ya uhuru Mwafrika wa kwanza kuiongoza alikuwa Emilio Mzena, ambaye jina lake limebaki kwenye hospitali iliyoko Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Idara ilifanya kazi bila ya kuwa na sheria yake yenyewe. Sheria hiyo ilitungwa na Bunge mwaka 1996, ikiwa ni Sheria Namba 15 ya mwaka huo.

Kama ilivyotungwa, sheria hiyo iliipa Idara kazi ya kukusanya habari zinazohusu usalama wa nchi, kuzichambua, kuzihifadhi na kuishauri Serikali. Iliweka pia mipaka miwili ambayo wananchi wengi hawaifahamu. Kwanza, si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama. Hiyo imeachiwa vyombo vingine. Pili, mtu hapaswi kufuatiliwa kwa sababu tu ameshiriki katika upinzani ulio halali dhidi ya jambo la Serikali au la kisheria. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2023 yaliiweka Idara chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa Rais.

Kutenganisha anayejua na anayekamata si jambo dogo. Mwaka huohuo wa 1996, mwezi Juni, Luteni Jenerali Imran Kombe, aliyekuwa amestaafu ukuu wa Idara hiyo, alipigwa risasi na kuuawa na polisi mkoani Kilimanjaro. Polisi walidai kwamba walidhani ni mwizi wa gari waliyekuwa wakimsaka. Ikiwa taarifa isiyohakikiwa iliweza kumwua mtu aliyewahi kuongoza ukusanyaji wa taarifa wa nchi nzima, mkulima wa mihogo wa Biharamulo ana kinga gani?

Kwa hakika sehemu kubwa ya habari za dola haitoki kwa maofisa wa siri. Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, kilichotokana na sheria ya mwaka 2006, hupata taarifa zake kutoka benki. TAKUKURU, kwa sheria ya mwaka 2007, huchunguza rushwa. Uhamiaji hujua nani ameingia na nani ametoka. Wilayani, mambo haya hukutana katika Kamati ya Ulinzi na Usalama, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na ambayo imepewa nafasi katika Sheria ya Baraza la Usalama wa Taifa ya mwaka 2010.

Chini ya hapo kuna ofisa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Hawa ndio wanaojua ni nyumba ipi imepokea mgeni, ni nani amenunua ng'ombe wengi kwa mkupuo, na ni mtoto wa nani aliyezaliwa wapi. Mgambo na sungusungu nao wamo. Hakuna kati yao anayejiita jasusi, lakini bila wao faili la wilaya lingekuwa tupu.

Kagera ina sababu zake za kuchukulia mambo haya kwa uzito. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka sehemu ya mkoa huo iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 28 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 waliokuwa wakitoka Rwanda walianza kumiminika Ngara kupitia daraja la Rusumo, na wengi wao waliingia ndani ya takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikageuka kuwa kama mji. Silaha zilizovuka mipaka katika miaka hiyo zilizaa ujambazi wa barabarani, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari katika mapori ya Biharamulo na Ngara.

Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani mkoani humo alitoa siku 14 kwa majambazi kusalimisha silaha na kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka. Septemba ya mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Miongoni mwao walikuwamo watu walioishi nchini kwa miongo kadhaa, na wengine waliodai kuwa ni Watanzania. Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya neno la mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa mahali ambapo hakuna cheti cha kuzaliwa, swali la nani ni nani hujibiwa na jirani, na jirani huweza kuwa na kisa chake cha shamba.

Lugha nayo huongeza utata. Kihangaza cha Ngara na Kisubi cha Biharamulo ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mtu aliyelelewa kwa lugha hizo huweza kudhaniwa kuwa mgeni mara tu anapofungua kinywa mbele ya ofisa aliyetoka mkoa mwingine.

Suala hili linamhusu kijana anayetafuta kazi kwa njia ya kitambulisho cha taifa. Mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na namba ya NIDA. Polisi, Uhamiaji na Jeshi la Kujenga Taifa nao huiulizia. Ili kuipata, mwombaji hupitia serikali ya kijiji chake, kisha hukabiliana na maswali ya ofisa uhamiaji kuhusu wazazi na hata mababu. Katika wilaya za mpakani maswali hayo ni mengi kuliko Morogoro au Dodoma. Akikwama hapo, ufaulu wake darasani hausaidii kitu, maana hata fomu hawezi kuifungua.

Ushauri wa kazi unaotolewa shuleni hauligusi jambo hili. Mwalimu wa malezi humsaidia mwanafunzi kuchagua tahasusi. TaESA hutoa ushauri kwa watafuta kazi, lakini ofisi zake zimekuwa katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma, mbali na Nyakahura. Hivyo kijana hupata habari za ajira kwa kaka aliyeko mjini, au kwa tapeli.

Tapeli wa aina hii hupenda kujitambulisha kuwa ni mtu wa Usalama, maana kazi ya siri haina ofisi ambayo mtu anaweza kwenda kuuliza. Humwambia mzazi kwamba nafasi zipo, zinatolewa kimyakimya, na zinahitaji fedha ya kufungua faili. Ng'ombe huuzwa, simu huzimwa. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na maombi kupitia Sekretarieti ya Ajira hayatozwi ada. Ni kweli kwamba Idara kwa desturi haitangazi nafasi zake magazetini, lakini hilo halimpi mtu yeyote haki ya kuziuza.

Milango iliyo wazi ipo. JKT, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, hupokea vijana wa kujitolea kupitia ofisi za wilaya na mikoa, ingawa matangazo yake husisitiza kwamba mafunzo hayo si ahadi ya ajira. Vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Polisi na Uhamiaji hutangaza nafasi zao hadharani, na muda wa kutuma maombi kwa kawaida ni wa wiki chache tu. Mwombaji anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa RITA siku tangazo linapotoka huwa amechelewa, hasa kama alizaliwa nyumbani na wazazi wake hawana karatasi yoyote. Kwa mtoto wa Nyakahura, safari hiyo ya makaratasi inafaa kuanza akiwa bado kidato cha pili, wakati bibi anayejua alikozaliwa baba yake angali hai na anaweza kwenda kusema hivyo mbele ya mtendaji.