Malungu ya Ufipa na Hesabu ya Gibbs

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo kata ya Kakese, pamoja na Mpanda yote, ilikuwa sehemu ya Rukwa, mkoa mmoja na nyanda za juu za Ufipa zilizo upande wa kusini. Anayefuatilia historia ya jembe katika nchi hii lazima avuke mpaka huo mpya, maana ndiko Wafipa walikoyajenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi.

Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alichunguza mabaki ya uhunzi huko Ufipa, wilayani Nkasi, katika miaka ya 1990. Kabla yake, mwaka 1914, mmisionari Wyckaert alikuwa ameandika habari za wahunzi hao. Lungu halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyozunguka kitako chake, moto ukaivuta juu, na mtapo ukakaa kwa muda mrefu katikati ya mkaa mwingi.

Kwa nini mkaa uwe mwingi kiasi hicho? Jibu limo katika kazi ya Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliyochapishwa kati ya 1875 na 1878. Mmenyuko huweza kwenda mbele wenyewe pale badiliko la nishati huru linapokuwa hasi, nalo hupatikana hivi: ΔG = ΔH − TΔS. ΔH ni badiliko la entalpia, ΔS la entropia, na T ni halijoto katika kelvini.

Tuchukue oksidi ya chuma, Fe₂O₃, pamoja na kaboni tupu: Fe₂O₃ + 3C → 2Fe + 3CO. ΔH ni takriban +493 kJ na ΔS ni +0.543 kJ kwa kila kelvini. Kwenye 298 K, yaani nyuzi 25 za sentigredi, ΔG ni +331 kJ: mtapo na mkaa vitakaa pamoja bila kubadilika. Lakini gesi inayozaliwa huongeza entropia, na joto likipanda TΔS hukua. Gawanya 493 kwa 0.543, utapata 908 K, yaani nyuzi 635 hivi. Juu ya hapo ishara hugeuka kuwa hasi.

Ndani ya tanuri kazi kubwa hufanywa na kaboni monoksidi, na hapa ndipo ustadi wa Wafipa unapodhihirika zaidi. Kwenye nyuzi 1,000 hivi, hatua ya mwisho, FeO + CO → Fe + CO₂, huenda mbele pale tu kaboni monoksidi inapozidi kaboni dioksidi zaidi ya mara mbili. Hewa ikizidi, uwiano huo huvunjika na chuma hurudi kuwa oksidi. Mkaa mwingi huigeuza kaboni dioksidi kuwa monoksidi tena, mmenyuko ambao ΔG yake huwa hasi juu ya nyuzi 700 hivi. Kwa hiyo kimo cha lungu, idadi ya mabomba na kipimo cha mkaa vilikuwa njia za kuilinda ishara ile ya hasi. Mafundi waliyapima hayo kwa jicho na uzoefu, pamoja na dawa na miiko ambayo kwao haikutengwa na kazi.

Donge lililotoka lilikuwa bado na uchafu. Lilipelekwa kwenye kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, likasafishwa kabla ya kufuliwa kuwa jembe. Chuma cha Ulaya kilipofurika sokoni wakati wa ukoloni, malungu yalizimwa.

Uhunzi huu ni kemia halisi, tena kemia ngumu. Nawasihi walimu wa kidato cha tano na cha sita wa Mpanda na Sumbawanga: mnapofundisha nishati huru, anzeni na lungu, na wapelekeni wanafunzi Nkasi wakayaone mabaki kabla mvua haijayamaliza.