Punguzo la kodi, ruzuku, na mtoto wa mfanyakazi wa Mbulu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini akiwa bado ananyonyesha, mwajiri anatakiwa kumpa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kwa muuguzi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom aliyepanga chumba jirani na wodi, saa hizo mbili ni kitu. Kwa mwalimu anayepanda bodaboda kutoka Dongobesh hadi shule ya kijijini, zinaishia barabarani. Na mama wa kibarua anayechambua vitunguu saumu kwa malipo ya siku hajui hata kama zipo. Anambeba mtoto kwa mbeleko huku ameinama, na mtoto akizidi uzito anamwachia dada yake wa darasa la nne, ambaye siku hiyo haendi shule.

Darasa la awali linampokea mtoto akiwa na miaka mitano hivi. Kati ya siku ya 84 na umri huo kuna zaidi ya miaka minne ambayo mama anatafuta mlezi na kumlipa kwa fedha yake mwenyewe. Dunia nzima inajadili namna ya kumfanya mwajiri abebe sehemu ya mzigo huo, na mjadala huo umetuletea istilahi ambazo tusipozishika vizuri kwa Kiswahili tutajikuta tunaomba kitu kisichotufaa.

Iliyoharibika zaidi ni ile ambayo Kiingereza huiita «tax credit». Maandishi yaliyotafsiriwa kwa haraka huandika «mkopo wa kodi». Mwenye duka wa Katesh akisoma hivyo ataelewa kwamba Mamlaka ya Mapato (TRA) inamkopesha fedha ili airudishe baadaye. Hakuna anayekopeshwa hapo. Neno la Kiingereza limetoka kwenye daftari la mhasibu, upande wa kiasi kinachohesabiwa kuwa haki ya mtu, na maana ya mkopo ni tawi lingine kabisa la neno hilohilo. Wapo pia wanaoandika «unafuu wa kodi». Hawajakosea, ila ni jina la ukoo mzima: msamaha ni unafuu, kiwango kidogo ni unafuu, hata kuongezewa muda wa kulipa ni unafuu.

Mimi nashika «punguzo la kodi», kwa sharti moja: liwe ni kiasi kinachotolewa kwenye kodi yenyewe, baada ya kodi hiyo kukokotolewa. Kinachotolewa mapema zaidi, kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa hesabu, kina jina ambalo wahasibu wetu wanalitumia kila siku: gharama inayokubalika kikodi. Tofauti ya hivi viwili inaonekana kwenye tarakimu.

Tuseme kuna kampuni ya kusindika vitunguu saumu mjini Mbulu yenye faida ya shilingi milioni 60. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo inadaiwa milioni 18. Sasa kampuni ifungue chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi wake: walezi wawili, uji wa asubuhi, magodoro, tangi la maji na uzio. Kwa mwaka inatumia milioni 10. Matumizi hayo yakikubaliwa kuwa gharama, faida inayotozwa inashuka hadi milioni 50 na kodi inakuwa milioni 15. Serikali imechangia milioni 3 na kampuni imebaki na mzigo wa milioni 7. Lakini sheria ikitoa punguzo la asilimia 40 badala ya kuikubali gharama, kampuni inaanza na kodi yake ya milioni 18, inatoa milioni 4 na kulipa 14. Ikiruhusiwa vyote viwili kwa pamoja, inalipa milioni 11 tu, na hapo Serikali imebeba 7 kati ya zile 10. Ndiyo maana Wamarekani, ambao wanalo punguzo la aina hiyo, wameandika wazi katika sheria yao kwamba fedha ileile haihesabiwi mara mbili.

Chombo chenyewe si kigeni kwetu. Mfanyabiashara aliyekatwa kodi ya zuio huitoa kwenye kodi yake ya mwisho wa mwaka, na aliyelipa kodi nchi nyingine kwa mapato yaleyale ana njia ya kuhesabiwa hapa. Hayo ni mapunguzo ya kodi kwa maana niliyoieleza. Kwa malezi ya watoto, hata hivyo, mwajiri wa Tanzania anategemea kanuni ya jumla ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato: aoneshe kwamba matumizi yale yalikuwa kwa ajili ya kuzalisha mapato. Mwenye kiwanda anaweza kulitetea hilo, kwa sababu mfanyakazi ambaye mtoto wake yuko salama haachi mashine saa nne asubuhi kwenda kuangalia nyumbani.

Upande wa mfanyakazi kuna jambo dogo ambalo ningependa wabunge wetu walitazame. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinaacha nje ya mapato ya ajira chakula cha kantini ya kazini, ilimradi kinapatikana kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Huduma za matibabu nazo zimewekewa nafasi yake. Posho ya malezi ikilipwa kwa fedha taslimu inaungana na mshahara, na mshahara ukipita shilingi 270,000 kwa mwezi kodi ya mshahara (PAYE) inaanza kukatwa. Mwajiri anatoa posho ili kumsaidia mama, kisha sehemu yake inakwenda hazina kabla mama hajaigusa. Kukitaja chumba cha watoto pamoja na kantini katika orodha ile, kwa sharti lilelile la kutobagua, kunahitaji mstari mmoja tu katika Sheria ya Fedha ya mwaka wowote.

Lakini kwa wilaya za Mbulu na Hanang sidhani kama punguzo la kodi ndilo la kupiganiwa kwanza. Punguzo linahitaji kodi ya kupunguza, na kodi ya kampuni inahitaji faida. Angalia nani anaajiri huku. Walimu na wauguzi wengi wameajiriwa na Serikali na wako chini ya halmashauri, na halmashauri haiandiki faida. Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, ni hospitali ya kanisa inayohudumia hadi wagonjwa wa mikoa jirani, na haikujengwa ili igawe gawio. Mfanyabiashara binafsi wa Katesh mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka huwa katika kodi ya makadirio, ambapo kinachotazamwa ni mauzo, si faida, hivyo hata akimlipa mlezi wa watoto gharama hiyo haimpunguzii chochote. Asilimia 40 ya kitu kisichokuwepo haimnunulii mtoto hata kikombe cha uji.

Wamarekani wenyewe wametuonesha. Mwaka 2001 walitunga kifungu kinachojulikana kwa namba 45F: mwajiri apewe punguzo la asilimia 25 ya anachotumia kwa malezi ya watoto wa wafanyakazi, lisizidi dola 150,000 kwa mwaka. Ili kufikia kiwango hicho ilibidi kampuni itumie dola 600,000, na ikiacha kituo mapema inarejesha sehemu ya kilichopunguzwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilipochunguza hesabu za mwaka 2016 ilikadiria kwamba kampuni zilizolidai punguzo hilo hazikufika 300, katika nchi ile kubwa yote. Sheria ya Julai 2025 imepandisha kiwango hadi asilimia 40, na asilimia 50 kwa biashara ndogo, kuanzia mwaka 2026. Huenda wanaolidai wakaongezeka. Bado ni chombo cha kampuni yenye faida nene na mhasibu wa kudumu. India ilichagua njia nyingine mwaka 2017 ikaweka wajibu: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na chumba cha watoto. Ethiopia nayo, katika sheria ya watumishi wa umma ya mwaka huohuo, ilizitaka ofisi za serikali ziwe na mahali pa kulelea watoto wa watumishi.

Neno linalotufaa zaidi ni lile ambalo mkulima wa Mbulu hahitaji kutafsiriwa: ruzuku. Tangu msimu wa 2022/23 anajua mbolea ya ruzuku inavyofanya kazi. Anajiandikisha, anapewa namba, anafika dukani na kulipa bei iliyopunguzwa, na tofauti yake Serikali inamalizana na muuzaji. Hakuna aliyemuuliza kama mwaka jana alipata faida. Ruzuku ya malezi ingefuata njia hiyohiyo: mtoto ameandikishwa, kituo kimesajiliwa, mzazi analipa sehemu, mwajiri analipa sehemu, na kilichobaki kinakwenda moja kwa moja kwenye kituo.

Nasisitiza kituo kwa sababu Hanang ina kumbukumbu ya ruzuku iliyopita juu ya vichwa vya watu. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, NAFCO, shirika la umma la kilimo, ililima ngano katika nyanda za Basotu, mashamba makubwa saba yenye makumi ya maelfu ya ekari. Fedha za wahisani ziliingia kwenye trekta, mashine za kuvunia na wataalamu. Wabarbaig, wafugaji wa eneo hilo, walipoteza malisho, wakaenda mahakamani, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw ikafika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Ngano ilivunwa, ndiyo. Lakini mashine kubwa huajiri watu wachache, na ruzuku iliyopewa shamba haikugeuka kuwa riziki ya mama wa pale. Fedha ya malezi ikipitia kwa mwajiri peke yake, kibarua asiye na mkataba atabaki nje kama alivyobaki mfugaji.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayevikagua. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile ya 2021/22 hadi 2025/26, ilizitaja halmashauri kuwa watekelezaji. Hata mkopo upo, na huu ni mkopo kweli: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Kikundi cha akina mama wa Dongobesh kinaweza kuuchukua, kikajenga banda, kikanunua sufuria na magodoro, kisha kikahudumia watoto wa walimu na wa vibarua pamoja.

Kinachokosekana ni kifungu kwenye bajeti kinachosema kwamba kwa kila mtoto aliye chini ya umri wa darasa la awali katika kituo kilichosajiliwa, halmashauri itatoa kiasi fulani kwa mwezi. Diwani wa Basotu au wa Haydom anayetaka kuanzia mahali asiitafute istilahi ya kodi. Aombe kifungu hicho kiingie kwenye rasimu ya bajeti kabla haijapelekwa Dodoma, kiandikwe ruzuku, na jina la mlipwaji liwe la kituo.