Udongo na Mvua katika Nchi ya Buha

Hapo kale Waha hawakuitenga nchi na mvua. Mwami alitawala watu, bali mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa bateko, wazee wa nchi. Nao ndio walioombwa pia habari za hewa. Desturi hii yafaa kufikiriwa.

Huku Kasulu na Kibondo tuna msimu mmoja tu wa mvua, tokea Oktoba au Novemba hata Mei. Mvua za kwanza huletwa na pepo za mbali. Lakini udongo ukiisha kulowa, jua huvuta mvuke katika ardhi na katika majani ya miti, nao hupanda ukawa mawingu tena. Udongo ukiwa mkavu, joto halipati maji ya kuvuta, huunguza hewa tu. Basi upepo huanza mvua, na udongo husaidia kuidumisha.

Mwaka 1975 Jule Charney alieleza ya kuwa nchi iliyovuliwa majani hurudisha mwanga wa jua angani, na mvua yake hupungua. Mwaka 2004 Randal Koster na wenzake walionyesha ya kuwa unyevu wa udongo una nguvu zaidi katika nchi zilizo kati ya ukame na maji mengi, kama Saheli na kaskazini ya Bara Hindi.

Vinamasi vyetu vya Malagarasi na Muyovozi viliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Tukivikausha, hatupotezi samaki na malisho tu. Twapunguza na mvuke urudio angani. Atunzaye bonde atunza na wingu.