Kutoka Vali hadi Chipu: Historia ya Bafa ya Opampu na Funzo Lake kwa Mitambo Midogo ya Sola, Gitega na Muyinga

Bafa ni opampu inayotoa volteji ileile inayopokea, huku ikivuta mkondo mdogo mno kutoka kwenye chanzo. Makala haya yanadai kwamba historia ya kifaa hiki iligeuza uamuzi wa kihandisi kuwa mazoea, na kwamba mazoea hayo yana gharama mahali ambapo umeme ni haba.

Jina la opampu, yaani amplifaya ya operesheni, lilienea baada ya John Ragazzini na wenzake kulitumia mwaka 1947 kuelezea sakiti zilizofanya hesabu. K2-W ya kampuni ya George Philbrick, iliyouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na vali mbili na ilihitaji volteji 300 chanya na 300 hasi. Kifaa cha namna hiyo hakikuongezwa bila sababu. Mwaka 1965 Robert Widlar wa Fairchild alitoa chipu ya µA709, ambayo bado ilihitaji kapasita za nje ili iwe tulivu. Mwaka 1968 Dave Fullagar aliweka kapasita hiyo ndani ya µA741. Tangu hapo, bafa ilihitaji waya mmoja tu kutoka kwenye pato hadi ingizo la kugeuza. Urahisi ulizaa mazoea.

Mathalani, kituo cha afya karibu na Muyinga kina jokofu la chanjo linalotegemea betri ya volti 12. Kidhibiti hupima betri kupitia vikinza viwili, kiloomu 30 na 10, vinavyoigawa volteji kwa nne. Chanzo hicho kina ukinzani wa kiloomu 7.5. Kikiunganishwa na ingizo lenye ukinzani wa kiloomu 10, volti 3 zinazotarajiwa hushuka hadi 1.71, kidhibiti huhesabu volti 6.9 na kuzima jokofu ilhali betri ni nzima. Hapo bafa ni ya lazima. Ingizo likiwa na megaomu 1, kosa halifiki asilimia 1, na bafa haina kazi.

Hali ni tofauti kwa kipimamvua kinachoendeshwa na betri ndogo katika vilima vya Gitega. Vikinza vya kiloomu 300 na 100 hupunguza mkondo hadi mikroampia 30, lakini ukinzani wa chanzo hufikia kiloomu 75, ilhali kidhibiti kama ATmega328P hupendekezewa usiozidi 10. Anayeongeza µA741 kwa mazoea huongeza takriban miliampia 1.7, zaidi ya mara 50 ya mkondo wa vikinza. Kwa kuwa volteji ya betri hubadilika polepole, kapasita ndogo kwenye ingizo hutosha.

Kituo cha sola cha Mubuga, mkoani Gitega, chenye megawati 7.5, kilizinduliwa mwaka 2021. Hata hivyo, familia na zahanati nyingi zitaendelea kutegemea mitambo midogo. Hivyo basi, masharti ya ununuzi na mitaala ya ufundi yadai majibu matatu kabla ya bafa kuwekwa: ukinzani wa chanzo ni kiasi gani, ingizo linavuta kiasi gani, na ishara inabadilika kwa kasi gani. Wahandisi wa enzi ya vali walilazimishwa na bei kuyajibu. Wa leo hawana budi kulazimishwa na kanuni.