Jua Halitoi Mrabaha: Oman na Hesabu ya Baada ya Mafuta

Katika eneo la mafuta la Amal, kusini mwa Oman, zimejengwa nyumba kubwa za vioo ambazo mgeni angezidhania mabanda ya kuoteshea nyanya. Ndani yake vimening'inizwa vioo vya kuakisi vilivyopinda, vinavyolifuata jua tangu asubuhi na kulikusanya juu ya mabomba ya maji hadi maji yageuke mvuke. Kuta na paa ni kinga dhidi ya mchanga na vumbi. Mvuke huo hushindiliwa ardhini ili kuyalainisha mafuta mazito ambayo bila joto hayapandi kisimani. Mradi unaitwa Miraah, yaani kioo kwa Kiarabu. Ulitangazwa mwaka 2015 ukilenga megawati 1,021 za joto. Mvuke ulipatikana, lakini lengo hilo halikufikiwa, na mwaka 2020 GlassPoint, kampuni iliyobuni teknolojia yake, iliingia katika ufilisi.

Naanza na Amal kwa sababu mpito wa nishati umezoeleka kusimuliwa kama mbio za kupokezana vijiti: mafuta yanachoka, jua linapokea. Hapa jua limeajiriwa na kisima. Sioni unafiki ndani yake; naona hesabu. Awali mvuke wa aina hii ulitengenezwa kwa kuchoma gesi, na gesi hiyohiyo inatakiwa na vituo vya umeme, na viwanda, na kiwanda cha Qalhat, karibu na Sur, ambacho tangu mwaka 2000 huigandisha kuwa kimiminika na kuipakia melini. Kila futi ya gesi isiyochomwa Amal inaweza kuuzwa kwingine. Nchi ya mafuta haianzi kuligeukia jua kwa sababu imeyachoka mafuta. Inaligeukia ili mafuta na gesi yake vizidi kuuzika.

Oman ililazimika kuipiga hesabu hii mapema kuliko majirani zake wakubwa. Ilisafirisha mafuta kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na akiba yake ni ndogo ikilinganishwa na ya Saudi Arabia au Kuwait. Uzalishaji ulipokaribia mapipa milioni moja kwa siku mwanzoni mwa karne hii, ulianza kuporomoka, na kufikia 2007 ulikuwa umeshuka hadi mapipa takriban 700,000. Ulipandishwa tena kwa mvuke, kemikali na gesi za kusukuma mafuta, mbinu ambazo zote ni ghali. Pipa la Oman ni la jasho.

Upande wa umeme, mambo yanakwenda vizuri kuliko wengi tunavyodhani. Kituo cha jua cha Ibri, chenye megawati 500 na paneli zaidi ya milioni moja, kilizinduliwa rasmi Januari 2022. Vituo viwili vya Manah, kila kimoja cha megawati 500, vikafuata. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 30 ya umeme kutoka vyanzo jadidifu ifikapo 2030, na kuondoa uzalishaji halisi wa hewa ukaa ifikapo 2050. Kwa sasa gesi bado ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, hasa usiku wa kiangazi, wakati jua limeshazama na viyoyozi vya Muscat vinaendelea kunguruma.

Kinachonivutia zaidi ni Harweel, mkoani Dhofar, ambako mitambo 13 ya upepo yenye jumla ya megawati 50 ilianza kazi mwaka 2019. Upepo unaoizungusha kwa nguvu zaidi ni ule wa khareef, kuanzia Juni hadi Septemba, na huo kwetu si mgeni: ndio kusi. Mabaharia waliukimbia ulipochacha. Jahazi lililochelewa kutoka Unguja lilisubiri hadi demani ndipo litweke tanga kuelekea Sur na Muscat. Upepo uliokuwa kikwazo cha nahodha sasa ni neema ya mhandisi, kwani unavuma kwa nguvu miezi ileile ambayo Oman inahitaji umeme mwingi kupita wakati wowote. Kasoro ni kwamba gridi ya Dhofar na ile ya kaskazini zilikua mbalimbali, na njia ya kilovolti 400 ya kuziunganisha inajengwa kwa awamu. Upepo upo, lakini bila waya haufiki mjini.

Hata hivyo, hoja yangu haimo katika megawati. Megawati zitapatikana. Swali gumu ni la hazina ya serikali, ambayo hutegemea mafuta na gesi kwa takriban theluthi mbili ya mapato yake. Mafuta hulipa kiasi hicho kwa sababu ni adimu: yako kwa wachache, yanatakiwa na wote, na tofauti kati ya gharama ya kuyachimba na bei ya sokoni huangukia mikononi mwa mwenye ardhi. Huo ndio mrabaha, na juu yake ulijengwa mkataba usioandikwa kati ya dola na raia: dola inagawa shule, hospitali, ajira na ruzuku, raia halipi kodi ya kipato, na hadai sana kuulizwa. Waomani waliorejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi wakiwa na elimu iliyokuwa adimu Oman wakati huo, waliingia wizarani na katika kampuni ya mafuta. Kwa hiyo mkataba huo una saini ya Waswahili pia.

Jua halitoi mrabaha wa namna hiyo. Linawaka Morocco, Namibia, Chile na Australia. Anayeuza umeme wa jua hupata faida ya kawaida ya mwekezaji. Na kituo kikishajengwa, watu wanaohitajika ni wachache. Paneli za Ibri husafishwa na roboti.

Oman inalijua hili, na jibu lake ni haidrojeni ya kijani: kutumia umeme wa jua na upepo kuyatenganisha maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kisha kuuza haidrojeni au amonia Ulaya na Asia. Kampuni ya serikali, Hydrom, iliundwa mwaka 2022 ili kupiga mnada maeneo ya Duqm na Dhofar, kwa lengo la tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Tazama umbo la mpango wenyewe: vitalu, minada, mikataba ya miongo kadhaa, mrabaha. Ni sheria ya mafuta iliyovishwa kanzu mpya, jaribio la kuliwekea uzio jua ili litoe kodi ya ardhi.

Je, litafanikiwa? Wasiwasi wangu unatokana na karafuu. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba ziliuza sehemu kubwa ya karafuu zote za dunia, na ushuru wake ukailisha dola ya masultani wa Kiomani. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza mashamba mengi ya Unguja, lakini biashara haikufa. Pemba ilishika nafasi. Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye, kimyakimya. Indonesia, mnunuzi mkuu aliyezitia karafuu ndani ya sigara za kretek, ilipanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza. Haidrojeni inakabiliwa na hatari hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu anayeinunua leo anaweza kesho kuitengeneza nyumbani kwake, au kuinunua popote penye upepo na bahari.

Kwa hiyo mpito wa Oman ni mpito wa kodi kabla ya kuwa wa mitambo. Dalili zipo. Ruzuku ya petroli iliondolewa Januari 2016. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ikaja Aprili 2021. Mwezi uliofuata vijana wa Sohar na Salalah waliandamana wakidai ajira, na kabla mwaka haujaisha bei ya petroli ikawekewa ukomo. Dola ilinyoosha mkono, ikaurudisha nusu.

Husemwa kwamba jamii za Ghuba hazina utamaduni wa kuchangia. Kwa Oman kauli hiyo ni ya uvivu. Kwenye falaj, mifereji ya kale inayoleta maji ya chini ya ardhi hadi mashambani, maji hugawiwa kwa saa. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli, usiku kwa nyota, na sehemu ya zamu hupigwa mnada ili fedha zitengeneze mfereji. Msimamizi wake, wakil, anajulikana kwa jina na huulizwa fedha zimekwenda wapi.

Juni 2025 Sultan Haitham alitoa amri ya kodi ya mapato binafsi, ya kwanza katika nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba: asilimia 5 ya kile kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Serikali ilieleza kwamba takriban asilimia 99 ya wakazi haitawagusa. Kiasi ni kidogo, na watakaolipa ni matajiri. Lakini nikitakiwa kuchagua tarehe moja ya kuanzia historia ya Oman baada ya mafuta, nitaiacha ile ya kuzinduliwa kwa Ibri na kuchukua hii, siku ambayo raia wa kwanza ataitazama risiti yake na kuuliza swali alilozoea kuulizwa wakil wa falaj.