Kuzuia matangazo ya intaneti kwa nyumba nzima

Hapa Kindu tunanunua intaneti kwa mega, na sehemu ya mega hizo huliwa na matangazo: picha na video zinazoshuka zenyewe kando ya habari tunazosoma. Tena mtoto aliyefungua ukurasa wa masomo hukutana na mwito wa kamari au picha za aibu. Wazazi hutuuliza kama kuna njia ya kuyazuia kwa nyumba yote. Ipo, nayo ina mipaka.

Jinsi inavyofanya kazi. Kila tovuti ina jina, na kila jina lina anwani ya namba. Mfumo wa kutafuta namba hizo huitwa DNS, nao ulibuniwa mwaka 1983. Matangazo mengi hutoka kwenye majina mengine, ya kampuni za matangazo. DNS yenye kuchuja inayo orodha ya majina hayo na haitoi anwani zao. Basi tangazo halishuki, wala halili mega.

Nyumba yenye ruta. Katika mipangilio ya ruta, mahali pa DNS, andika 94.140.14.14 na 94.140.15.15. Ni za AdGuard, bila malipo. Penye watoto, weka 94.140.14.15 na 94.140.15.16, zinazozuia pia tovuti za ngono. Jaza mistari yote miwili. Ukibakiza DNS ya kawaida katika mmoja, matangazo yatapitia hapo.

Nyumba inayogawana intaneti ya telefone moja. Panga kila telefone peke yake. Kwenye Android 9 na zilizofuata, tafuta «DNS privé» katika mipangilio ya Kifaransa, kisha andika family.adguard-dns.com.

Kichujio cha nyumbani. Pi-hole ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2014. Hukaa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayotumia wati chache, hata za sola. Lakini ikizimika, vifaa vinavyoitegemea havitafungua tovuti mpaka iwake tena.

Mipaka. Matangazo ya YouTube na Facebook hubaki, kwa sababu hutoka mahali pamoja na video na habari zenyewe. Kurasa nyingine hukataa kufunguka zikichujwa. Na kijana mwerevu anaweza kubadili mipangilio ya telefone yake.

Jambo moja zaidi: anayeendesha DNS anaweza kuona majina ya tovuti zinazotafutwa nyumbani. Tumchague kama tunavyomchagua mlinzi wa mlango. Baba au mama anayeweka Pi-hole naye ataweza kuona yale jamaa yake inayotafuta. Kwa hiyo awaambie kabla ya kuiweka, aeleze sababu, na asikilize maswali yao. Mtoto anayejua kwa nini mlango umefungwa atakuja kuuliza akikuta dirisha limebaki wazi.